Jinsi nilivyozikomboa pesa za Inua Jamii za mama

Naandika kwa ajili ya wenye wazee ambao pesa zao za Inua Jamii, zile ambazo serikali ya Kenya huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi, zimekwama, maana mimi nimepita njia hiyo na nimefanikiwa. Nina hasira pia, kwa sababu ya ushauri mbovu tuliopewa.

Mama yangu anaishi Kwale. Ameshapita miaka 75, na tangu usichana wake amekuwa akisuka makuti. Ukimshika mkono utaona ncha za vidole zimelika, ile mistari ya alama za vidole imefutika kabisa, na pesa hizi hutolewa kwa mashine inayosoma alama hizo. Pesa zilipotoka, wenzake kwenye foleni waliondoka na elfu nne za miezi miwili, yeye akaambiwa, "Bibi, mashine inakukataa, rudi kesho." Kesho yake ikamkataa tena. Malipo yaliyofuata, hadithi ikawa ile ile.

Hapo kila mtu akageuka mtaalamu. Jirani akasema asugue vidole kwa ndimu. Mwingine akaongeza majivu, ati yanang'arisha mistari. Mama wa watu akasugua mpaka ngozi ikakauka na kupasuka kando ya kidole gumba, na usiku hakulala kwa kuwashwa. Mashine haikusoma hata kidogo. Halafu kuna kijana aliyekuwa akizungukazunguka nje ya kibanda cha wakala anayelipa pesa hizo, akanivuta kando akitaka mia tano "ampitishe". Mia tano ni robo ya pesa ya mwezi mzima! Nilimwambia waziwazi kwamba sitoi, na wewe usitoe. Pesa hizi mzee halipii chochote ili azipate.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyewahi kuwa karani wa kuandikisha wapiga kura kwa mashine za vidole. Alisikiliza habari ya ndimu akasikitika sana. Akanieleza kwamba mashine hizo hushindwa na ngozi kavu, kwa hiyo sisi tulikuwa tunaharibu zaidi. Mama aache makuti kwa siku kadhaa. Hilo lilikuwa gumu, kwani makuti ndiyo pesa yake ya kila siku, lakini alikubali. Kila jioni aloweke vidole kwenye maji ya vuguvugu, kisha apake glisirini. Asubuhi ya kwenda afute vizuri kwa kanga, kidole kibaki na unyevu kidogo tu, kisiwe na mafuta. Na kile kioo cha mashine kifutwe kwanza, maana watu kumi waliotangulia wameacha jasho lao hapo.

Kisha akaongeza neno lililomaliza kazi: mkono upi unafanya kazi zaidi? Mama anashika ufito kwa kushoto, wa kulia ndio unaokunja na kukaza. Basi jaribuni wa kushoto, akasema, kidole cha pete, maana siku ya kuandikishwa huchukuliwa vidole zaidi ya kimoja. Tukaenda. Wakala akataka kidole gumba cha kulia kama kawaida yake. Nikamwomba kwa adabu ajaribu cha pete cha kushoto. Mama akakiweka taratibu bila kukandamiza, na mashine ikakubali. Pesa zote zilizolimbikizana zikatoka. Mama alizihesabu palepale, akazifunga kwenye pindo la kanga.

Baada ya hapo nilienda ofisi ya maendeleo ya jamii nikaandikishwa kuwa mlezi wake, ili siku asipoweza kutembea nimchukulie. Beba vitambulisho vyote viwili na uwahi asubuhi.

Sasa, hizo pesa zenyewe. Shilingi 2,000 kwa mwezi, na kiwango hicho hakijasogea kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2022 pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita shilingi 200. Piga hesabu: elfu mbili haikufika hata pakiti kumi, na hapo hujagusa mafuta, sukari wala dawa za presha. Malipo yakichelewa mama hukopa dukani, na yakija deni linameza karibu yote. Sisi tumeacha unga wa pakiti. Pesa ikiingia nanunua mahindi kwa debe wakati wa mavuno, tunasaga wenyewe, na inasaidia kweli. Ila sikubali mtu aniambie eti familia zikijipanga vizuri elfu mbili inatosha. Haitoshi.

Wengine husema ni msaada, tushukuru. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inasema hifadhi ya jamii ni haki. Na kupandisha kunawezekana. Zanzibar walianza Pensheni Jamii mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 za Tanzania kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, na mwaka 2023 wakapandisha hadi 50,000. Afrika Kusini pensheni ya wazee huongezwa kila mwaka. Kwetu bei zinapanda na pesa ya mzee imesimama palepale.

Linaloniuma zaidi ni jirani yetu, mzee aliyefikisha miaka 70 baada ya uandikishaji mkubwa wa 2017 kufungwa. Anaishi mlango wa pili, bei ni zile zile, presha ni ile ile, na kwa miaka hakupata hata senti. Ukiwa na mzee kama huyo, usingoje baraza la chifu. Peleka jina lake kwa naibu chifu na ulifuatilie ofisini, kwa sababu majina mapya yakichukuliwa, asiyejulikana huachwa. Nimepeleka la jirani pia.

Na maoni ya bajeti yakikusanywa tena, nitakuwepo. Nitaomba kiwango kipande kila mwaka kufuata bei, na tarehe ya malipo ijulikane mapema.