Binti Yangu Hakupaswa Kuwa Mkalimani Wangu

Mwezi wa kumi mwaka 2017 niliitwa shuleni kwa ajili ya mwanangu wa tatu, mvulana wa miaka 9 ambaye, baada ya mwaka mzima wa masomo katika mji wetu wa kaskazini mwa Texas, alikuwa bado hajui kusoma. Nilipoingia niliwakuta walimu wawili mezani, na kando yao ameketi binti yangu wa kwanza, mwenye miaka 11, ambaye walikuwa wamemtoa katika kipindi cha hesabu ili anitafsirie. Mwalimu alizungumza kwa muda mrefu huku akinionyesha karatasi. Binti yangu alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Mama, wanasema anajitahidi, tumsaidie kusoma nyumbani." Nikashukuru, nikatia sahihi mahali nilipoonyeshwa, nikarudi nyumbani.

Usiku ule binti yangu alishindwa kula. Nilipomdadisi alilia, akanieleza kwamba mwalimu alikuwa amesema mdogo wake haelewi lolote analoambiwa, hajibu anapoitwa, na huenda akarudishwa darasa. "Ningekuambiaje, Mama?" aliniuliza. Sikumlaumu hata kidogo, kwa sababu mtoto hawezi kubebeshwa maneno mazito kuhusu ndugu yake na kutarajiwa ayafikishe kwa mama yake bila kuyapunguza. Lililoniumiza zaidi ni kwamba sababu ya yale waliyoyalalamikia walimu nilikuwa naijua. Tangu tulipokuwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, mwanangu alikuwa akitokwa na usaha masikioni mara kwa mara, na alizoea kumgeukia mtu usoni ndipo amwelewe. Hakuna aliyeniuliza habari hiyo, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuuliza kwa lugha yangu.

Aliyenifungua macho ni mke wa mchungaji wetu, mama mzaliwa wa Uvira, kwetu Kongo, ambaye alikuwa ameishi Marekani miaka mingi kuliko sisi. Aliniambia kwamba kila jimbo la nchi hii lina angalau kituo kimoja cha wazazi wenye watoto wanaohitaji elimu maalumu, kinachogharamiwa na serikali kuu na kinachotoa ushauri bila malipo. Tulipiga simu pamoja. Mambo niliyoelezwa siku hiyo yangeniepusha na mwaka mzima wa mahangaiko kama ningeyajua tulipowasili.

Kwanza, sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 inakataza shule inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa sababu ya asili ya taifa lake, na mzazi asiyejua Kiingereza hawezi kunyimwa habari za mtoto wake kwa sababu ya lugha. Kuhusu watoto wenyewe, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1974, katika kesi ya wanafunzi wenye asili ya China huko San Francisco, kwamba kumweka mtoto darasani asikoelewa lugha bila kumsaidia si kumpa elimu sawa na wenzake. Pili, sheria ya elimu maalumu inaitaka shule ihakikishe kwamba mzazi anaelewa yanayosemwa katika kikao cha kumpangia mtoto wake masomo, ikiwa ni pamoja na kumtafutia mkalimani, na inataka mtoto apimwe kwa lugha yake mwenyewe ili matokeo yawe ya kweli.

Hapo ndipo nilipogundua kosa jingine. Siku ya kuandikisha watoto, mtu wa kujitolea aliyetusaidia kujaza fomu ya lugha inayozungumzwa nyumbani aliona kwamba tunatoka Kongo, akaandika Kifaransa. Ni kweli kwamba shule za Nyarugusu zilifuata mtaala wa Kongo, na watoto walikuwa wameanza kufundishwa Kifaransa, lakini nyumbani mwetu ni Kiswahili, na Kibembe tukiwa na wazee. Kwa hiyo barua zote za shule zilikuja kwa Kifaransa, nami nikazikusanya katika mfuko bila kuzisoma. Ninawasihi wazazi wenzangu waikague fomu hiyo moja kabla ya nyingine zote, maana kwetu ndiyo iliyoamua barua zitakuja kwa lugha gani.

Mshauri wa kituo alinielekeza niandike barua, si kupiga simu wala kumweleza mwalimu mlangoni, kwa sababu ombi la maandishi ndilo linaloanzisha hesabu ya siku ambazo shule inapewa kujibu. Nikauliza kama inafaa kuandika kwa Kiswahili. Akasema inafaa. Niliandika kwamba ninaomba mwanangu apimwe kwa ajili ya elimu maalumu, nikitaja hasa masikio yake. Kwamba lugha yetu ni Kiswahili na fomu irekebishwe. Na kwamba kuanzia siku hiyo sitakubali mtoto wangu yeyote awe mkalimani. Niliweka tarehe, nikapiga nakala, nikamwomba karani wa shule agonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu.

Hapa Texas shule ina siku 15 za masomo kujibu ombi kama hilo, na mzazi akishatoa idhini ina siku 45 za masomo kukamilisha vipimo. Jibu la kwanza lilinitaka nisubiri mtoto azoee Kiingereza. Baadaye nilikuja kujua kwamba kwa miaka mingi jimbo hili lilikuwa limeweka kiwango kwamba wanafunzi walio katika elimu maalumu wasizidi asilimia 8.5, kiwango kilichoondolewa mwaka 2017, na kwamba mwezi wa kwanza mwaka 2018 serikali kuu ilitamka kuwa utaratibu huo ulivunja sheria. Siwezi kusema kama shule yetu ilikuwa ikifikiria kiwango hicho. Nilichofanya ni kuandika barua ya pili, nikiambatanisha nakala ya kwanza yenye muhuri, na safari hii waliniletea fomu ya idhini pamoja na mkalimani wa simu.

Mkalimani yule alizungumza Kiswahili cha Nairobi, nacho kilinitaka nisikilize kwa makini. Maneno "elimu maalumu" nilikuwa nimeyaandika katika barua kama nilivyoelekezwa, lakini alipoyatamka nilifurahi, nikidhani ni shule ya watoto wenye akili nyingi. Namshukuru kwamba alisita, akamwomba mwalimu ruhusa, akanieleza maana yake halisi, yaani masomo ya watoto wenye ulemavu, kabla sijatia sahihi.

Vipimo vilionyesha kwamba sikio la kushoto lilikuwa karibu halisikii kabisa na la kulia lilisikia kwa kiasi. Vifaa vya kusaidia kusikia vililipiwa na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ambayo inapaswa kuwagharamia watoto wanaostahili. Katika kikao cha kamati ya kumpangia mtoto elimu maalumu, ambayo Texas huiita ARD, mkalimani aliketi karibu nami ana kwa ana. Tulikubaliana kwamba mwanangu akae mbele, mwalimu avae kipaza sauti kinachounganishwa na vifaa vyake, na apewe mwalimu wa kumfundisha kusoma kila siku. Kikao kilichukua karibu saa mbili kwa sababu niliuliza maswali yangu yote.

Jirani yangu mmoja, ambaye hana hati za kuishi nchini, alikuwa akiogopa kumpeleka bintiye shule. Nilimweleza kwamba uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 1982 ulitokana na kesi iliyoanzia hapahapa Texas, katika mji wa Tyler, ambako shule zilikuwa zikiwatoza watoto kama wake dola 1,000 kwa mwaka, na kwamba tangu uamuzi huo shule za umma haziwezi kumkataa mtoto kwa kukosa hati. Tulikwenda naye kumwandikisha. Kwenye fomu ya lugha aliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, KISWAHILI.

Siku ya kikao chetu cha ARD binti yangu wa kwanza alikuwa katika chumba cha pili, kwenye kipindi chake cha hesabu.