Miti mitatu ni msitu

Tangu nianze kujifunza kuandika Kichina, herufi inayonipa raha kuliko zote ni ya mti: 木. Mstari wa kulala, wa kusimama, na miwili inayoteremka pembeni. Basi! Iandike mara mbili, ubavu kwa ubavu, 林: umepata miti mingi pamoja. Wachina wanasoma lin, Wajapani hayashi. Ongeza wa tatu juu, 森, ni msitu mnene. Wajapani wanauita mori, na Wachina wanaunganisha zote mbili, senlin.

Hiyo lin tumeitamka tangu utotoni kwenye vibanda vya video: Shaolin! Ni msitu wa mlima Shaoshi, kule jimbo la Henan, China, hekalu lilipoanzishwa mwaka 495. Jirani yake wamezikwa watawa, makaburi yao ni minara zaidi ya 200, na pale panaitwa Talin, msitu wa minara.

Kwa Wabudha, msitu na makao ya watawa vilishikana tangu India. Mfalme Bimbisara alimpa Buddha shamba la mianzi, Veluvana, watawa wakakaa humo. Neno aranya, yaani msitu kwa Kisanskriti, lilifika China likafupishwa kuwa lanre, likawa jina la hekalu. Na makao makubwa ya watawa wa Zen, tawi la Ubudha? Conglin, kwa Kijapani sorin: miti iliyosongamana, watu wengi wakiishi pamoja. Naipenda mno hii. Ndiyo ninayoifanyia mazoezi wiki hii, kwa maandishi ya zamani yasiyorahisishwa, ambapo cong peke yake ina mistari 18.