Ndui ilivyoingia kwa ngamia wangu na nilivyoimaliza

Ilianza na ndama mmoja wa kama mwaka hivi. Asubuhi nimemkuta mdomo umevimba, machozi yanamtoka, kunyonya hataki, nikajua tu kachomwa na miiba, nikamsafisha nikaenda zangu. Siku ya tatu vipele vimejaa puani na kwenye kope, tezi za shingoni zimevimba unaziona ukiwa mbali, na mwenzake naye ameanza, hapo ndo nikashtuka.

Nikakimbilia sindano ya antibayotiki, wote wawili nikawachoma. Daktari wa mifugo alipokuja akaniambia mzee hii naona ni ndui ya ngamia, ni virusi, hiyo dawa yako haiui virusi, inasaidia pale tu bakteria wakishaingia kwenye vidonda. Ila hakutaka kubahatisha maana kuna virusi vingine navyo vinatoa vidonda mdomoni vinafanana sana, kwa hiyo akachukua vigaga akapeleka maabara. Majibu yakaja, ni ndui kweli. Mbuzi wangu wanaolala pembeni hapohapo hawakuguswa hata mmoja, ndui hii ni ya ngamia.

Kilichoniokoa ni kutenga, na sikusubiri majibu. Daktari alinieleza mnyama anaweza kukaa siku 9 mpaka 13 na virusi mwilini kabla hajaonyesha kitu, sasa ukitenga wagonjwa peke yao bado umeacha moto ndani ya nyumba. Nikafanya makundi matatu, wagonjwa, waliokuwa wanalala nao, na wale wasiokutana nao kabisa, kila kundi na chombo chake cha maji. Kukamua tunaanza na wazima, wagonjwa mwisho, na anayehudumia wagonjwa ni mmoja tu, haendi kwingine. Vile vigaga vikikauka vinadondoka chini na virusi bado vimo, tulikuwa tunavikusanya na kuvichoma kila siku, jamani hii kazi watu wanaidharau sana. Na kupe tuliwapiga dawa maana nao wanashukiwa kubeba.

Ndama ndo walinitesa roho. Mdomo ukiuma hanyonyi, na asiponyonya ananyong'onyea haraka, ikabidi tukamue mama yake tumnyweshe kidogo kidogo, vidonda tunasafisha asubuhi na jioni na kuzuia nzi. Mmoja kifua kikamkamata akafa mikononi mwangu. Mpaka leo naumia nikikumbuka zile siku tatu za mwanzo nilizopoteza.

Halafu jike mmoja akatupa mimba. Ndui inaweza kufanya hivyo, lakini ilikuwa msimu wa mvua, mbu wengi, na homa ya Bonde la Ufa nayo inatupisha mimba ngamia, mbuzi, kondoo na ng'ombe, na binadamu anaipata akishika damu au kile kitoto kilichotoka. Nikakataza mtu yeyote asiguse mpaka daktari amefika na glavu zake akachukua sampuli, tukafukia kwenye shimo refu. Haikuwa homa hiyo, nikashusha pumzi. Maziwa mabichi nayo niliyasimamisha, tunachemsha, na mpaka sasa tunachemsha kwasababu ngamia anaweza kubeba hata kile kirusi cha MERS kilichogunduliwa 2012, kinachowapa watu ugonjwa mkali wa kifua, na ngamia mwenyewe ukimwangalia unaona mafua kidogo tu au hana kitu kabisa. Ndui yenyewe pia inaweza kumpata mhudumu, India mwaka 2009 ilithibitishwa kwa watu waliokuwa wanashika ngamia, vidonda vya mikononi, ndo maana kijana wangu sikumruhusu kugusa mgonjwa bila glavu.

Waliopona wamepona vizuri. Wazima tumewachanja, na ndama waliochanjwa wadogo chini ya miezi 6 nimeandika alama zao kwenye daftari maana lazima warudiwe. Juzi jirani kaja kuomba dume la kupandisha, nikamwambia ndugu yangu nivumilie, bado ana vigaga viwili shingoni.