Labda iliyopotea njiani

Wete, Pemba. Jumamosi, 8 Machi 2025

Leo imetimia miaka 11 tangu ndege ya Shirika la Ndege la Malaysia, safari nambari MH370, ilipoondoka Kuala Lumpur kwenda Beijing ikiwa na watu 239, na isionekane tena. Tarehe hii pengine ingenipita katika pilikapilika za Ramadhani kama si mazungumzo ya barazani jana baada ya tarawehe. Kijana mmoja alisema, kwa sauti ya mtu aliyeshuhudia, kwamba ndege ile ilitekwa na kutuliwa Diego Garcia, kisiwa chenye kambi ya jeshi la Marekani katikati ya Bahari ya Hindi. Mwenzake akamkatiza kwamba rubani ndiye aliyeizamisha kwa makusudi na kwamba serikali ya Malaysia yenyewe imeshathibitisha. Nilikuwa na la kusema lakini nilinyamaza, na kunyamaza kule kumeninyima usingizi mpaka wakati wa daku.

Nina sababu ya kuumizwa na maneno ya namna hii, na sijawahi kuiandika mahali popote.

Nilipokuwa na umri wa miaka tisa, mjomba wangu alikwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali na nyumbani, pamoja na wenzake wawili, mwishoni mwa kaskazi, siku ambazo upepo hauna msimamo. Zilipita wiki tatu bila mashua kurudi, na hakikuokotwa kitu, si ubao wala kipande cha tanga. Siku moja nilikuwa pwani na nikamsikia nahodha mmoja mzee akiwaambia wenzake, huku akiziba nyufa za chombo chake kwa pamba na mafuta, "Labda wameokotwa na meli kubwa, wakapelekwa Mombasa." Nilikimbia moja kwa moja mpaka nyumbani. Bibi yangu alikuwa amekaa ukumbini anasuka ukili. Nikamwambia, "Bibi, mjomba kaokotwa na meli, yuko Mombasa." Aliuweka ukili chini ukiwa nusu, akasimama, akaanza kulia na kumshukuru Mungu kwa pamoja.

Kati ya pwani na ukumbi wetu hapafiki mwendo wa dakika kumi, na katika mwendo huo neno moja tu ndilo lililodondoka. Bibi aliuza mavuno ya mikarafuu mitatu kabla hata haijatoa maua, akampa jamaa mmoja nauli ya kwenda Mombasa. Jamaa alirudi baada ya siku kumi na habari nyingine: kuna watu watatu wa Pemba walioonekana bandarini wakipanda chombo cha Lamu. Mwaka uliofuata ikaja fununu ya Maore, yaani kisiwa cha Mayotte. Mke wa mjomba naye, kila alipotaka kwenda kwa kadhi ili apate hukumu ya mke wa mtu aliyepotea, alirudishwa nyuma na habari mpya ya mtu aliyemwona mumewe sokoni, au aliyeongea na mtu aliyemwona. Alikaa hivyo miaka saba, hana mume wala si mjane.

Kwa hiyo nilipoanza kusikia habari za MH370 mwezi Machi 2014, sikuweza kuzisikiliza kama wengine walivyozisikiliza.

Yanayojulikana hasa ni machache, na yanaweza kusemwa kwa pumzi chache. Ndege iliruka saa 6:42 usiku kwa saa za Malaysia. Saa 7:19 ilisikika sauti kutoka chumba cha marubani ikiwaaga waongozaji wa Kuala Lumpur kwa maneno ya kawaida ya usiku mwema, na dakika chache baadaye, ilipokuwa inaingia anga la Vietnam, alama yake ikatoweka katika rada za kiraia. Rada za jeshi zinaonyesha kwamba iligeuka, ikaikata rasi ya Malaysia kuelekea magharibi, kisha ikapanda juu ya Mlango wa Malaka, na saa 8:22 usiku ikapotea na huko pia. Baada ya hapo kilichobaki ni setilaiti moja ya kampuni ya Inmarsat iliyokuwa juu ya Bahari ya Hindi, ambayo takriban kila saa iliita na chombo cha ndege kikaitikia. Hakikusema kilipo, kilisema tu kwamba kipo. Itikio la mwisho lilikuwa saa 2:19 asubuhi. Wataalamu walipima muda ambao itikio lilichukua kufika na jinsi masafa yake yalivyobadilika, na hapo ndipo walipopata ule mstari mrefu uliopinda kusini mwa Bahari ya Hindi, magharibi ya Australia, ambao utafutaji wote umeufuata tangu wakati huo.

Mstari si mahali, nao ulichorwa baada ya siku nyingi, na siku hizo zote watu walikuwa wanazungumza. Vijana wawili wa Iran waliopanda kwa pasipoti za wizi, moja ya Italia na nyingine ya Austria, waliitwa magaidi duniani kote kabla polisi hawajamaliza kuwachunguza. Ikabainika kuwa walikuwa wanatafuta njia ya kufika Ulaya. Familia zilipiga simu za wapenzi wao na kusikia zikiita, na hilo likageuzwa kuwa ushahidi kwamba wamo hai mahali fulani, ilhali mtambo wa simu huweza kumsikilizisha mpigaji mlio wa kuita wakati bado unaitafuta simu ya upande wa pili. Mamilioni ya watu walijitolea kukagua picha za setilaiti kwenye kompyuta zao, wakiweka alama kila palipoonekana doa jeupe juu ya maji. Nia yao ilikuwa njema na siwalaumu. Lakini kila doa lilipotangazwa, palikuwa na mama aliyeketi katika hoteli moja ya Beijing, mahali familia zilipokusanywa, akiliangalia doa hilo hilo kwenye televisheni.

Wakenya na wengi wetu wa huku tulishalionja jambo hili mwaka 2007, ndege ya Kenya Airways ilipopotea baada ya kuruka kutoka Douala, Kameruni, ikiwa na watu 114. Kwa karibu siku mbili ilitafutwa mbali, na habari za kila aina zikazagaa, kumbe ilikuwa imelala katika kinamasi cha mikoko, kilomita 5 hivi tu kutoka uwanja ilipoondokea.

Nirudi kwa rubani, maana hapo ndipo neno "labda" limepotea kwa namna mbaya kuliko kote. Makusudi sitaandika jina lake, ijapokuwa linajulikana. Ni kweli kwamba nyumbani kwake alikuwa na mtambo wa kuigiza urukaji wa ndege, na ni kweli kwamba ndani yake zilikutwa alama za safari iliyoelekea kusini mwa Bahari ya Hindi. Ni kweli vilevile kwamba wachunguzi walichungulia maisha yake, fedha zake na mwenendo wake wa siku za mwisho, wasione badiliko lolote la kutisha. Taarifa ya Malaysia iliyotolewa Julai 2018 inasema kwamba ndege haikugeuka yenyewe, kwamba haiwezekani kuondoa uwezekano wa kuingiliwa na mtu wa tatu, na kwamba timu haikuweza kubaini chanzo cha kupotea. Haya ndiyo maneno ambayo kijana wa barazani aliyaita uthibitisho. Hakusema uongo kwa kukusudia. Alipokea neno kutoka kwa mtu aliyelipokea kutoka kwa mtu, na kila mkono uliolishika ulilipunguzia kitu. Mtu yule aliacha mke na watoto. Yumkini alifanya, na yumkini alikufa akipambana kuwaokoa abiria wake, na watoto wake wanaishi katika dunia iliyokwisha kuhukumu.

Sisi wa Pemba hatuna haki ya kulizungumza jambo hili kana kwamba ni la mbali. Mwezi Juni 2016, wakati wa kusi, kipande kikubwa cha bawa kiliokotwa hapa kisiwani kwetu. Kilikuwa ni sehemu ya nyuma ya bawa la kulia, ile inayoshushwa wakati wa kuruka na kutua. Kilisafirishwa mpaka Australia, na mwezi Septemba mwaka huo ikathibitishwa kwa nambari na mihuri ya kiwandani iliyokuwa ndani yake kwamba kimetoka katika ndege ile ile. Mwaka mmoja kabla, kipande cha kwanza kilikuwa kimetokea katika kisiwa cha Reunion, kikiwa kimegandwa na vikombe vidogo kama vile tunavyovikwangua chini ya majahazi. Vingine vimeokotwa Msumbiji, Afrika Kusini, Mauritius na Madagaska.

Nakumbuka jinsi baraza zilivyochemka. Walikuwapo waliosema kwamba kipande kile kililetwa usiku kikatupwa ili dunia ipotezwe. Nami niliumia, kwa sababu waliokuwa wanasema hivyo walijua bahari. Mtoto yeyote wa pwani hii anajua kwamba maji yanatoka mashariki, yanapita ncha ya kaskazini ya Madagaska, yanalipiga bara kwenye mpaka wa Msumbiji na Tanzania, kisha sehemu yake inapanda kaskazini kupita Mafia, Unguja na Pemba. Ndiyo maana tunaokota chupa zenye maandishi ya nchi ambazo hatujawahi kuzifika. Kitu kilichoanguka baharini magharibi ya Australia kikaelea zaidi ya miaka miwili kina kila sababu ya kufika kwetu. Kusema kimepandikizwa ni kumwambia mvuvi aliyekiona kwamba macho yake yalikodiwa.

Na kipande kile kilizungumza, kwa kadiri kitu kinavyoweza kuzungumza. Wachunguzi wa Australia walitazama michubuko ya ndani, pale kinapopakana na sehemu ya pili ya bawa, wakaona kwamba kwa uwezekano mkubwa hakikuwa kimeshushwa kilipong'oka. Maana yake ni kwamba bawa halikuwa limeandaliwa kwa ajili ya kutua juu ya maji kwa utaratibu. Wao wenyewe wameandika "kwa uwezekano mkubwa", na mimi nimelirudia hivyo hivyo kwa makusudi, maana najua uzito wa kuliacha.

Tarehe 24 Machi 2014 familia zilipelekewa ujumbe wa simu, kwa Kiingereza, kwamba ndege imepotea na hakuna aliyesalimika. Kati ya abiria 227, Wachina walikuwa zaidi ya nusu. Najaribu kumfikiria mzee anayempa mjukuu simu ili amsomee. Familia hizo hizo, Desemba 2016, ziliwatuma baadhi yao mpaka Madagaska kutembea kwenye fukwe na kuwaomba wanavijiji wawaonyeshe chochote walichokiokota. Hawakuwa wanatafuta simulizi. Walizisikia simulizi za kutosha. Walikuwa wanatafuta kitu cha kushika.

Utafutaji wa chini ya bahari ulifunika kilomita za mraba 120,000 mpaka ukasitishwa Januari 2017, na kampuni ya Ocean Infinity ikafunika nyingine zaidi ya 112,000 mwaka 2018, pasipo mafanikio. Mwezi uliopita waziri wa uchukuzi wa Malaysia alisema kampuni hiyo imerejea baharini, kutafuta katika eneo jipya la kilomita za mraba 15,000 kwa sharti kwamba isipopata hailipwi, na ikipata italipwa dola milioni 70. Namwomba Mungu katika mwezi huu mtukufu wapate.

Bibi yangu alikufa mwaka wa kumi na nne wa kumngoja mwanawe. Katika miezi yake ya mwisho alimwita imamu wa mtaa na kumwomba mjomba asaliwe jeneza ghaibu. Nilisimama katika safu ya pili. Mbele yetu, mahali panapowekwa jeneza, palikuwa na mkeka mtupu, na nilisali nikiuangalia huku moyo unanipiga, maana hakuna aliyejua nani aliyeleta habari ya kwanza ya Mombasa isipokuwa mimi na bibi, na hakuwahi kuitaja.

Leo baada ya futari yule kijana wa Diego Garcia alipita kurudisha bakuli la mama yake, nami nikamzuia kidogo mlangoni. Nilimsimulia saa moja moja kama nilivyoziandika hapa juu. Akasikiliza mpaka nilipofika saa 2:19 asubuhi, nikanyamaza.

"Na baada ya hapo?" akauliza.

"Baada ya hapo ni bawa lililookotwa Reunion, na hili la kwetu."

"Basi?"

"Basi."

Alisimama pale kwa muda, bakuli mkononi, kama mtu anayengoja abakishiwe chenji. Kisha akaniuliza bawa la kwetu lilikuwa na urefu gani, na nikaenda ndani kumtafutia picha.