Kamera isiyoona kilichotulia

Mwaka 2022, majira ya kuchipua, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya pili Zürich, nilipewa kazi ambayo kila mtu aliiita ya nusu saa. Kesho yake walikuwa wanakuja wanafunzi wa sekondari kutembelea maabara, na mimi nilitakiwa kuandaa laptopu tatu za kuonyeshea kamera za matukio. Moja ilikuwa ya Debian 11, aina mojawapo ya Linux, ya pili Windows 10, ya tatu Mac yenye chipu ya M1. Laptopu zenyewe zilikuwa za kuazima kwa wenzetu, kila moja imejaa desturi za mwenyewe, na hilo pekee lilitosha kunitia wasiwasi.

Aliyebaki kunisaidia alikuwa kijana wa Mombasa aliyekuwa akisomea uzamivu. Alinizidi umri na elimu, lakini tangu siku tuliyojuana aliniita dada nami nikamwita kaka, na tukiwa wawili Kijerumani kilibaki mlangoni. Utafiti wake ulikuwa wa sauti. Kamera hizi alikuwa akizipita tu mezani.

Kwa asiyezijua: kamera ya kawaida hupiga picha nzima, tuseme 30 kwa sekunde, hata kama mbele yake kuna ukuta mtupu. Kamera ya matukio haipigi picha. Kila pikseli inajitegemea, inauangalia mwanga unaoiangukia yenyewe, na inakaa kimya mpaka mwanga huo ubadilike kwa kiasi fulani. Hapo ndipo inatuma tukio moja: mahali ilipo, wakati kwa mikrosekunde, na kama mwanga umezidi au umepungua. Basi. Wazo hili lilianzia chuo cha Caltech, Marekani, kwa Misha Mahowald na Carver Mead waliotengeneza retina ya silikoni, chipu ya kuiga jicho, na baadaye Mahowald mwenyewe akahamia Zürich. Ni Zürich hiyo hiyo ambako Patrick Lichtsteiner na Tobi Delbruck, wakishirikiana na Christoph Posch, walitengeneza kihisi cha pikseli 128 kwa 128, makala yao ikatoka mwaka 2008. Zetu zilikuwa DVXplorer za kampuni ya iniVation, pikseli 640 kwa 480, ndogo za kushikika kwa kiganja.

Windows haikutusumbua sana. Programu ya DV, ya iniVation ya kutazamia kamera hizi, ina kisakinishi chake, unabonyeza endelea, endelea, maliza. Dereva, yaani programu inayoiunganisha kamera na mashine, tuliiweka kwa Zadig, programu ndogo ya kazi hiyo, tukachagua ile iitwayo WinUSB. Hapo pa kuwa macho ni mahali pamoja tu: Zadig inaweza kukuorodheshea kila kilichochomekwa kwenye mashine, na ukimpa kipanya dereva ya kamera, umebaki bila kipanya. Nilimwambia kaka asome jina kwa sauti kabla sijabonyeza, akasoma kama anayesoma hati ya nyumba.

Tukafungua dirisha la kutazamia. Jeusi. Punje chache za hapa na pale, kama vumbi.

"Dada, mbona hii haina kitu?"

Nikapitisha mkono mbele ya lenzi. Vidole vikatokea, kingo zake tu, nyeupe upande mmoja na buluu upande mwingine, vikapita na kupotea. Akacheka, naye akapitisha wake. Ndiyo tabia yake: mbele ya meza iliyotulia, kamera nzima na kamera mbovu zinaonyesha giza lile lile. Huwezi kuitazama tu ukasema imekubali.

Kiza kilikuwa kinaingia, akaenda kuwasha taa za dari. Skrini ikalipuka. Ukuta, rafu, dirisha, kila kitu kikawa kinawaka na kuzimika bila kitu kujongea. Zilikuwa taa za tyubu za zamani. Umeme wa Uswisi ni wa hezi 50 kama wa kwetu TANESCO, na tyubu za aina ile hupanda na kushuka mwanga mara 100 kwa sekunde. Jicho letu halilioni hilo. Kamera hii haioni kingine. Tukazizima, tukafanya kazi iliyobaki kwa taa ya betri, na nikaandika kwenye karatasi ya kesho: mapazia wazi, taa za dari marufuku.

Sasa Debian. Hapa ndipo usiku ulipoishia. Ingekuwa Ubuntu, tungeongeza hazina ya programu ya iniVation, tukapiga amri ya apt ya kusakinisha na kwenda kula. Lakini mwenye laptopu alikuwa mtu wa Debian kwa itikadi, na alikuwa amejenga mwenyewe maktaba ya libcaer, ya kuongea na kamera hizi, kutoka kwenye msimbo wake, akatuachia na mfano mmoja mdogo uliokuja nayo. Mfano ule hauna picha. Unachapisha tu kwenye terminali, dirisha la maandishi matupu: fungu hili la data lina matukio kadhaa, la kwanza lilitokea wakati huu, kwenye x hii na y hii, mwanga umepanda au umeshuka. Mimi ule mfano niliupenda kuliko dirisha lote la Windows. Unaiona kamera ikiongea kabla mtu yeyote hajairemba.

Tukauendesha: umeshindwa kufungua kifaa. Nikapiga lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB, kamera iko pale, imeorodheshwa na namba ya mtengenezaji 152a. Mashine inaijua, lakini haitaki tuishike. Kaka akatia sudo mbele ya amri, neno linaloipa mamlaka yote ya mashine, namba zikaanza kumiminika.

"Haina neno. Kesho tuiendeshe na sudo."

"Kaka, kesho watoto wa watu watakuwa wanabonyeza kibodi hii hii. Unawapa funguo za nyumba nzima waione sebule?"

Akanyamaza, akavuta kiti karibu.

Kwenye Linux kifaa cha USB ni faili kama faili nyingine, lina mwenyewe na lina ruhusa. Kwa kawaida mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kuandika humo, na anayeweza kubadilisha hilo ni udev, mlinzi anayepokea kila kinachochomekwa na kukisomea masharti. Ukisakinisha kwa apt, sharti la kamera linakuja na mzigo. Ukijenga mwenyewe, unaweza kuishia na maktaba bila sharti, na ndivyo ilivyokuwa. Nikafungua faili jipya ndani ya /etc/udev/rules.d, nikalipa jina linaloanza na 65, nikaandika mstari mmoja: mfumo mdogo ni usb, idVendor ni 152a, MODE ni 0666, yaani kila mtumiaji asome na aandike. Alama za usawa zinaandikwa mbili mbili pale unapolinganisha na moja pale unapoweka, na mstari ukikosea hapo terminali haitakupigia kelele, kamera itaendelea kukataliwa tu. Kaka aliuhakiki herufi kwa herufi huku kidole kikiwa kwenye kioo. Kisha udevadm ya kusoma masharti upya, tukachomoa waya, tukachomeka. Bila sudo, namba zikatiririka.

Mac ndiyo iliyotuchezea. Kusakinisha kulikwenda vizuri kupita zote: Homebrew, kisakinishi cha programu cha Mac, hazina ya iniVation, na hakuna dereva ya kuhangaikia kwa sababu libusb, maktaba ya kuongea na vifaa vya USB, inajitosheleza. Dirisha likafunguka, jeusi la kistaarabu. Nikanyanyua kidole kimoja, kikaonekana. Kaka alishaanza kukunja nyaya.

Nikawasha feni ya mezani tuliyopanga kuonyeshea, yenye herufi nyeusi tuliyobandika kwenye pangaboi moja. Picha ikakatika, ikarudi, wakati wa matukio ukaruka mbele, kisha kamera ikajitoa kabisa. Tukarudia kwa kidole: safi. Feni: chali.

Nikafungua taarifa za mfumo, nikatafuta ukurasa wa USB. Kamera ilikuwa inasomeka kwa kasi ya megabiti 480 kwa sekunde, yaani USB 2, wakati yenyewe ni ya USB 3. Laptopu ilikuwa na matundu ya USB-C pekee, na mwenyewe alikuwa ametuachia kigawanyaji cha USB cha bei poa, chenye tundu la rangi ya buluu kama kawaida ya USB 3, ila ndani hakuna USB 3. Kwa kidole kimoja matukio yalikuwa machache, yakapita. Feni inagusa maelfu ya pikseli kila inapozunguka, na njia ikajaa. Kaka alikwenda kupekua droo mpaka akapata waya wa kuchomeka kamera moja kwa moja kwenye Mac. Feni ikazunguka, tukapunguza kasi ya kuonyesha, herufi ikasomeka. Kile kigawanyaji tulikibandika karatasi: KIPANYA TU.

Asubuhi nilidhani meza ya feni ndiyo itakayojaza watu. Wanafunzi waliitazama kidogo, wakasonga. Waliganda kwenye Debian, kwenye terminali isiyo na picha hata moja, kwa sababu mmoja wao aligundua kwamba akisimama mbele ya lenzi bila kutikisika, idadi ya matukio katika kila fungu inashuka. Wakaanza kushindana nani ataishusha zaidi. Wakabana pumzi, wakashika mikono nyuma, lakini wakipepesa kope tu, namba inaruka. Aliyepata namba ndogo kuliko wote alikuwa mwalimu wao, aliyekuwa ameketi kwenye kiti changu akisinzia.