Siku moja ku njia ya Kipushi, na viti vya baba

Saa kumi alfajiri. Huku Katuba, mtaa wetu, mwezi wa saba baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, mji wetu wa Lubumbashi, Kongo, uko juu, mita 1,200 na zaidi, basi hata gari halina haraka ya kuwaka. Mke wangu ananipa chai na mampa (mkate), nakunywa nikiwa nimesimama. Mimi ni shofa wa teksi-basi, njia ya Kipushi, kama kilomita 30 kwenda na 30 kurudi, mwaka wa kumi na moja huu. Leo nimeamua niandike siku yangu yote kwa sababu viti vya baba viko kazini tangu Jumatano, kwenye kilio (matanga) cha jirani yetu kule Kipushi, na leo jioni njo (ndipo) wanamaliza kilio, na kuvikusanya ni kazi yangu.

Saa kumi na moja na nusu. Gari linajaa pole pole. Asubuhi wanaokwenda Kipushi ni watu wa aina mbili, kuna wale wa mugodi, tangu ulipoanza tena mwaka 2024 wamekuwa wengi, halafu bamama wa biashara wanaofuata bunga (unga) ku mpaka wa Zambia. Reseveri wangu, yaani konda, anapiga kelele Kipushi Kipushi Kipushi, tunatoka.

Saa kumi na mbili. Jua bado. Upande wa pili wa barabara wanakuja watu wa makala (mkaa), wanasukuma baiskeli, magunia yamepanda juu kuliko kichwa cha mtu, kwenye ukungu unaona kwanza gunia halafu njo mtu. Hapa sipiti mbio hata abiria akilalamika. Baba alikuwa anapita njia hii kwa baiskeli, na hakubeba makala, alibeba viti, vinne vinne, amevifunga kwa mpira nyuma, anavileta Kipushi kutoka Lubumbashi. Ndiyo, viti vya plastiki. Wacha nieleze.

Baba alitumika chini ya ardhi, ku mugodi wa Kipushi. Mugodi ule ulianza mwaka 1924, ukitoa shaba na zinki, na wazee wa Kipushi ukiwasikiliza wanakuambia wakati ule kazi njo baba, njo mama: posho, nyumba, lopitali, masomo ya watoto, vyote vilitoka kazini. Mwaka 1993 mugodi ukasimama. Mimi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka kimya kile, kwa sababu tulizoea king'ora, sasa asubuhi hakuna king'ora, baba anaamka saa ile ile, anavaa, anakaa mlangoni. Akaanza kutafuta kazi ya kufanya, na kazi ya kwanza aliyoona ni mifereji ya avenyu (barabara) yetu iliyojaa takataka, akachukua pauro (sepetu) akaanza peke yake, wiki ya pili wakawa watu sita. Halafu akawa yeye wa kuita watu siku ya salongo (kazi ya pamoja ya usafi), yeye wa kwenda na mama mjamzito lopitali usiku, yeye wa kuchimba kaburi kama familia haina vijana. Hakuna aliyemchagua.

Halafu 2003 ikaja depar volonteri, yaani kuacha kazi kwa hiari, Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, ikawatoa watu zaidi ya 10,000 kwa mara moja, kila mtu anapewa pesa yake ya mwisho anakwenda nyumbani. Watu wa avenyu yetu, huyu alinunua friji, huyu akaanza kujenga, huyu akakimbilia shamba. Mama alitaka mashine ya kusaga mahindi, alikuwa amefanya hesabu yote kwenye kaye (daftari), na mimi leo nikiwa na watoto wangu nasema wazi mama alikuwa na haki. Baba akanunua viti 60, bashi (maturubai) mbili kubwa, na sufuria tatu za kupikia watu wengi. Ya kilio! Ili mtu akifiwa asihangaike. Mama hakuongea naye wiki mbili, alikuwa anaweka bukari (ugali) mezani na kutoka.

Saa moja asubuhi. Tumefika Kipushi. Mama mmoja mzee anashuka wa mwisho, ananiangalia kwenye kioo.

"Weye si mwana ya Papa Viti?"

"Ndiyo mama."

"Nilijua ile paji ya uso." Akabaki ameshika mlango. Akaniambia usiku bwana yake alipokufa mvua ilikuwa inanyesha, yeye alikuwa amekaa chini tu na maiti, ndugu wote wako Lubumbashi, akasikia mukokoteni nje, gurudumu linalia, akajua ni baba yangu. Kulipopambazuka bashi ilikuwa imefungwa, viti vimepangwa, moto unawaka. "Alifika mbele ya padri, mbele ya ndugu, na hakuuliza kitu. Aliuliza tu: ngapi?"

Hilo neno! Baba alikuwa na swali moja tu. Mtu akigonga usiku hata hajamaliza kusalimia, baba keshauliza ngapi. Viti ngapi. Hakuuliza nani, hakuuliza dini gani, kabila gani, hakuuliza kama mwaka jana mligombana naye kuhusu mpaka wa uwanja. Nilitaka kumrudishia yule mama pesa yake ya safari akakataa kabisa, akaondoka na kikapu chake. Nilikaa kidogo kabla ya kuanza kupakia.

Saa tatu mpaka saa sita: safari mbili, pancha moja, na barabarani wakanisimamisha mara mbili kuangalia karatasi. Sina la kusema hapo.

Saa saba mchana. Niko mjini, nakula bukari na ndakala (dagaa) na matembele kwa mama fulani karibu na stesheni. Mbele yetu kuna duka la kukodisha vitu vya sherehe, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe na riboni nyuma. Kila nikiviona nakumbuka jambo nililofanya nikiwa na miaka 19. Baba alikuwa amekwenda Likasi kumuona dada yake, mimi nikakodisha viti 40 kwa harusi, kwa pesa, nikaweka mfukoni. Aliporudi alijua siku ile ile, Kipushi ni mji mdogo. Hakunipiga, hakunitukana. Alisema niletee hizo pesa, akavaa koti, akatoka nazo kwa miguu mpaka kwa wale watu wa harusi, nikamfuata nyuma kama mita kumi. Akawarudishia zote mkononi, akawaomba radhi, akasema kama viti vilikuwa vichafu wasameheni vijana. Njia nzima ya kurudi hakunigeukia. Kesho yake asubuhi akaniamsha, akanipa msumari na waya ya shaba, akanifundisha kushona kiti kilichopasuka.

Mnajua hiyo kazi? Plastiki ya kiti ikipasuka unachoma msumari kwenye makala mpaka uwe mwekundu, unatoboa matundu pande mbili za ufa, halafu unapitisha waya kama unashona nguo, unakaza kwa koleo. Ukikaza sana unapasua upya, ukiacha wazi kinamfinya mtu mapaja. Baba alikaza taratibu huku amefumba jicho moja. Chini ya kila kiti alikuwa ameweka doa la rangi nyekundu, na kufikia mwisho wa maisha yake karibu nusu ya viti vilikuwa na mshono wa shaba mahali fulani.

Saa kumi na nusu. Safari ya mwisho ya leo, sitarudi Katuba, nalala kwa mama. Ukikaribia Kipushi unaona mnara wa mugodi kwanza kabla ya nyumba. Vijana kwenye gari wanaongea habari ya kazi, nani ameitwa, nani bado anangoja. Ningependa baba aone mugodi umeamka tena, amekosa kwa miaka michache tu.

Saa kumi na mbili jioni. Kilio kimekwisha, watu wanasalimiana, bamama wanasugua sufuria kwa majivu. Hiyo ndiyo sheria peke yake aliyoacha baba, sufuria irudi inang'aa. Tunapakia viti ndani ya basi, mimi na vijana wanne wa avenyu. Siku ya kilio chake mwenyewe tulipanga vyote tulivyokuwa navyo, na kufikia saa tatu asubuhi havikutosha, tukaanza kuwaza tufanye namna gani. Kumbe watu walikuwa wanakuja na viti vyao kutoka nyumbani, wamebeba kichwani, vya mbao, vya chuma, stuli za jikoni, mtoto mmoja na ndoo aliyogeuza. Avenyu nzima ilijaa mpaka kona. Na mzee mmoja akaleta kiti cheupe chenye doa jekundu, kimepotea miaka na miaka, akakiweka karibu na jeneza, hakusema neno, hatukumuuliza.

Saa mbili usiku. Umeme hakuna. Mama ameshika tochi ya simu, mimi nahesabu kwa sauti, yeye anarudia kila kumi. Hamsini na nane. Tunahesabu tena, hamsini na nane. Viwili vimebaki kwa jirani, watoto wake wamevianikia nguo, nitachukua kesho. Kimoja kimepasuka mguuni. Nawasha makala kidogo, naweka msumari. Mama anakaa kwenye kiti kilicho karibu, anafunika miguu na kitenge, ananiangalia ninavyokaza waya, mara moja anasema "pole pole, usivute," sauti ile ile ya baba. Sijui alijifunza saa ngapi, nilidhani hakuwa anaangalia.

Saa nne usiku. Nimelala kwenye chumba cha mbele, viti vimepangwa ukutani mpaka dari. Usingizi unakuja. Mlango unagongwa, pole pole, mara tatu, ni mtoto wa kiume, sauti inatetemeka, anaanza, "Mama, samahani, ni usiku, baba mkubwa..." Natafuta viatu gizani. Kabla sijafika mlangoni namsikia mama kutoka chumbani kwake, bado amelala, anauliza:

"Ngapi, mwanangu?"