Udongo mwekundu, migomba, na picha ya nyeusi na nyeupe

Chukua picha ya barabara ya vumbi kule Masaka, migomba pande zote mbili, uiondolee rangi kwa kubofya mara moja. Udongo na majani vitageuka kijivu kimoja. Kosa liko kwenye hesabu. Fomula ya zamani ya televisheni, ambayo programu nyingi bado zinaitumia, huchukua takriban asilimia 30 ya nyekundu, 59 ya kijani na 11 ya buluu. Udongo wenye nyekundu 170, kijani 90 na buluu 60, kwenye kipimo cha 0 hadi 255, unatoa kijivu cha 111. Jani lenye 90, 130, 60 linatoa 110. Jicho litatenganisha nini hapo?

Changanya chaneli mwenyewe, yaani zile tabaka tatu za nyekundu, kijani na buluu zinazounda picha. Kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, fungua Colors, Desaturate, halafu Mono Mixer. Weka nyekundu 0.7, kijani 0.3, buluu 0. Udongo unapanda hadi karibu 150, jani linashuka hadi karibu 100, barabara inajitokeza. Jumla ibaki 1. Ikizidi, mawingu yanaungua, yaani yanakuwa meupe kabisa na kupoteza umbo.

Nyekundu hiyo hiyo hutia giza anga la buluu na kung'arisha ngozi nyeusi, ila ukiizidisha midomo inafifia. Buluu iogope kwenye sura za watu: hukuza kila kovu na chunusi, na kwenye JPEG za simu, faili za picha zilizobanwa, ndiyo yenye chembechembe nyingi. Wanaohariri kwa simu watumie programu ya Snapseed, zana yake ya Black & White, kichujio cha rangi ya chungwa kwanza. Na piga kwa rangi daima. JPEG iliyopigwa nyeusi na nyeupe haina chaneli za kuchanganya.